Mramba, Kalamu na Kodi ya Dhahabu

Ukilitaja jina la Basil Mramba, iwe Rombo alikokuwa mbunge au huku Mbinga ambako wengi walimjua kwa sauti ya redio tu, utajibiwa kwa moja ya mambo mawili: majani au ufagio. Majani, kwa sababu ya kauli anayohusishwa nayo tangu alipokuwa Waziri wa Fedha, kwamba ndege ya Rais ingenunuliwa hata kama wananchi wangelazimika kula majani. Ufagio, kwa sababu mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 75, alitumikia sehemu ya adhabu yake kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina, Dar es Salaam. Katikati ya mambo hayo mawili lipo la tatu ambalo halichekeshi wala halipigiki picha, nalo ni tangazo la msamaha wa kodi. Hilo ndilo lililomfikisha kizimbani, na nadhani ndilo ambalo wengi wetu hatujalielewa hadi leo. Mramba hakutiwa hatiani kwa kukamatwa na rushwa mkononi. Aliangushwa na uwezo mkubwa mno uliowekwa kwenye saini ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa pia mjumbe wa Bunge lililotakiwa kumhoji.

Hakuwa mwanasiasa wa kuokotwa. Katika miaka ya 1970 aliliongoza Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na baadaye akashika uwaziri enzi ya chama kimoja. Vyama vingi viliporudi, Rombo ikamkataa: katika uchaguzi wa 1995 jimbo lilikwenda kwa Justine Salakana wa NCCR-Mageuzi, chama ambacho mwaka ule kilivuma Kilimanjaro kuliko kwingine kote. Mramba akarudi mwaka 2000, na Rais Benjamin Mkapa akamkabidhi Hazina. Kwa miaka mitano ndiye aliyesimama bungeni kila Juni kusoma bajeti. Mwenzake katika kesi, Daniel Yona, naye alikuwa mbunge kutoka Kilimanjaro, na alikuwa amepata kuishika Wizara ya Fedha kabla yake. Wakati wa mkataba tutakaouzungumzia alikuwa Waziri wa Nishati na Madini. Kwa hiyo waliokuja kushtakiwa hawakuwa wageni wa mambo ya kodi. Walikuwa mawaziri wawili ambao wote walikuwa wameishika Hazina ya nchi, na walijua vizuri kuliko Mtanzania mwingine yeyote nini hutokea pale kodi inaposamehewa.

Mwaka 2003 migodi mikubwa ya dhahabu ilikuwa imeanza kazi kanda ya Ziwa, na serikali ilikuwa na shaka ya haki kabisa. Kampuni zilikuwa zikitangaza hasara mwaka baada ya mwaka huku dhahabu ikiruka kwenda nje, na nchi haikuwa na chombo chake cha kupima kilichokuwamo ndani ya masanduku. Ndipo ikaajiriwa kampuni ya Alex Stewart (Assayers) ikague uzalishaji na mauzo. Malipo yake yalikuwa asilimia 1.9 ya thamani ya dhahabu iliyosafirishwa. Wakati ule mrabaha uliokuwa ukilipwa serikalini kwa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Katika kila shilingi 100 za dhahabu iliyotoka nchini, serikali ilipata shilingi 3 za mrabaha, na katika dhahabu hiyohiyo mkaguzi akalipwa shilingi 1.90. Ni kama mkulima wa kahawa wa Mapera aajiri mtu wa kumwangalizia mizani ya mnunuzi, kisha ampe karibu theluthi mbili ya faida yake. Huenda mwangalizi huyo akafanya kazi nzuri sana, lakini kijiji kizima kitauliza ni nani aliyekubali bei ile.

Na bado bei haikuwa shtaka kubwa kuliko yote. Lililowaumiza zaidi lilikuwa kwamba kampuni iliyolipwa hivyo ilisamehewa pia kodi. Kwa mujibu wa mashtaka, Mramba akiwa Waziri wa Fedha alitoa matangazo ya serikali yaliyoiondolea kampuni hiyo wajibu wa kodi, ilhali Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilikuwa imeshauri vingine. Hesabu ya upande wa mashtaka ikafika shilingi 11,752,350,148. Msomaji asiyezoea mambo ya ofisi anapaswa kuelewa jinsi jambo hili lilivyo jepesi kulifanya. Hakuna muswada unaosomwa mara ya kwanza na ya pili, hakuna kura ya ndiyo na siyo. Sheria za kodi za wakati ule zilimpa waziri uwezo wa kusamehe kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, karatasi ambayo huko vijijini hakuna anayeifuata na hata mjini husomwa na wanasheria na wahasibu peke yao. Waziri huweka saini, mpigachapa huchapa, na mapato ya taifa hupungua bila mbunge hata mmoja kuinua mkono.

Yaliyofuata yalikwenda polepole. Septemba 15, 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina ya viongozi aliowatuhumu kwa ufisadi, na jina la Mramba lilikuwamo. Februari 2008 sakata la mkataba wa umeme wa Richmond likamwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Baraza likavunjika, na lilipoundwa upya Mramba hakurudi. Mwaka huohuo nchi ilikuwa inawaka kwa habari za akaunti ya EPA, shilingi bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu. Novemba 25, 2008 Mramba na Yona wakapandishwa kizimbani katika mahakama ya Kisutu, na baadaye akaunganishwa nao Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Hazina. Makosa yalikuwa mawili ya msingi, kutumia vibaya madaraka na kuisababishia serikali hasara. Hukumu ilitoka Julai 6, 2015: miaka mitatu jela kwa mawaziri wawili, na Mgonja akaachiwa huru. Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikapunguza kifungo hadi miaka miwili, na Februari 2016 kifungo cha ndani kikageuzwa huduma kwa jamii. Mramba alifariki Agosti 17, 2021.

Hoja ya kwanza ya kumtetea huwa fupi, na inasikika sana: mzee yule hakula hata senti. Naikubali kwa maana kwamba hukumu haikusimama juu ya rushwa. Lakini tazama hoja hii inakotupeleka. Inasema kosa la fedha ni kutia mfukoni, na asiyetia mfukoni hana deni. Wakulima wa Umatengo, huku Mbinga, wanajua kwamba si kweli, maana wanalo fundisho lao wenyewe. MBICU, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kilipoanguka katika miaka ya 1990, kahawa ilikuwa imeshachukuliwa, mikopo ya benki ilikuwa imeshaiva, na familia zikabaki na madai ambayo hayakulipa ada ya mtoto wala bati la nyumba. Ulizia mwizi alikuwa nani. Kila mtu atakutajia jina lake, na majina hayatafanana. Hasara ile ilipita kwenye maamuzi, mikopo, saini na mihtasari ya vikao. Aliyepoteza gunia lake hakupata nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba meneja naye alikufa maskini. Ndiyo maana sheria ikaweka kosa la kutumia vibaya madaraka peke yake, mbali na kosa la rushwa: mwenye dhamana ya mali ya umma huulizwa alivyoitumia, hata kama hakuondoka nayo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na inastahili nafasi. Inasema kwamba msamaha ule ulikuwa uamuzi wa serikali, wala haukuwa wa Mramba. Kwamba ukaguzi wa dhahabu ulihitajika. Kwamba kampuni za kigeni zilizoea kudai misamaha na nchi ilikuwa katika zama za kuwabembeleza wawekezaji. Na kwamba kumfunga waziri kwa sera iliyoshindwa ni kuwatisha mawaziri wote wajao wasiamue chochote. Kuna ukweli ndani yake. Ukaguzi kweli ulihitajika, na ushahidi ni kwamba baada ya mkataba ule kwisha serikali haikuacha kazi hiyo: mwaka 2009 iliunda wakala wake wa ukaguzi wa madini, TMAA. Hata huo nao ukaja kuvunjwa mwaka 2017, katika sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, kwa madai kwamba uliachia mengi kupita. Kupima dhahabu ni kazi ngumu na imewashinda wengi.

Lakini uwajibikaji wa pamoja wa Baraza la Mawaziri haumgeuzi waziri kuwa muhuri wa mpira. Sheria ya kodi haikusema Baraza litasamehe, wala haikusema Rais atasamehe. Ilimtaja Waziri wa Fedha, kwa sababu ilitaka pawepo mtu mmoja wa kuulizwa. Na pale mamlaka ya mapato, ambayo ni chombo cha wizara yake mwenyewe, iliposhauri tofauti, ndipo hasa kalamu ilipopaswa kusita. Kuhusu hofu ya kuwatisha mawaziri, sioni kama ni hofu ya kutuogofya sisi walipa kodi. Mgonja, aliyekuwa mtendaji mkuu wa Hazina, alishtakiwa kwa jambo hilohilo na akaachiwa huru, dalili kwamba mahakama ilimpima kila mmoja kwa nafasi yake na haikuwazoa wote. Waziri anayeogopa kusamehe kodi bila kufuata ushauri wa wataalamu ana hofu inayomfaa.

Kuna wanaolalamika kwa upande mwingine kabisa: kwamba adhabu ilikuwa mchezo. Bilioni 11 na ushee kwa ufagio wa saa chache kwa siku! Mtu anayefungwa kwa kuiba kuku hapati bahati hiyo, wanasema. Nadhani malalamiko haya yana uchungu wa haki ila yamekosea mahali pa kuelekezwa. Huduma kwa jamii ipo kisheria kwa vifungo vifupi, na mwizi wa kuku naye anastahili kuipata. Aibu ni kwamba mara nyingi haipati. Kinachonisumbua mimi ni muda. Kutoka kushtakiwa mpaka hukumu ilipita miaka sita na nusu na zaidi, na kutoka mkataba mpaka hukumu ilipita miaka 12. Kwa mwendo huo mahakama haiwezi kuwa mlinzi wa Hazina. Hufika baada ya moto kuzimika, ikaandika nani aliacha kiberiti wapi. Ulinzi wa Hazina lazima uwe mahali pengine, na mahali hapo Katiba inapataja: ni Bunge.

Hapa ndipo ubunge wa Mramba unapokuwa na uzito kuliko uwaziri wake. Ibara ya 55 ya Katiba inasema mawaziri wote watateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Kwa hiyo mtu aliyetia saini msamaha alikaa katika ukumbi uleule na watu waliotakiwa kumuuliza kuhusu msamaha, akiwa kiti cha mbele, wao viti vya nyuma, na wengi wao wakitumaini siku moja kukaa alipokaa yeye. Usitegemee maswali makali kutoka kwa mtu anayesubiri uteuzi. Kamati za Bunge, kama ile ya Hesabu za Serikali, hufanya kazi juu ya ripoti za Mkaguzi Mkuu ambazo hutoka fedha zikiwa zimeshakwenda, na tangazo la msamaha halikuhitaji kupita kwao kabla ya kuchapwa. Bunge lilikuwa na haki ya kujua na halikuwa na njia ya kuzuia.

Akabaki mpiga kura. Katika uchaguzi wa Oktoba 2010 Mramba, akiwa na kesi Kisutu, aligombea tena Rombo kwa tiketi ya CCM. Sheria haikumzuia, kwa kuwa Katiba humwondoa sifa aliyehukumiwa na siyo aliyetuhumiwa, na hilo ni sawa. Vinginevyo kila mwenye polisi mkononi angechagua wapinzani wake. Rombo ikamchagua Joseph Selasini wa CHADEMA. Safari ya kisiasa ya Mramba ilikoma pale, karibu miaka mitano kabla ya hakimu kusema neno. Wapo wanaouona uchaguzi ule kama hukumu ya wananchi juu ya ufisadi. Mimi nina shaka. Kilimanjaro ilikuwa na sababu nyingi za kuchoka na chama tawala, na Rombo ilikuwa imeshamkataa Mramba mara moja, mwaka 1995, kabla hajawa na kesi yoyote. Na tukivuka mpaka tunaona kinyume chake. Juni 2020 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani John Waluke, mbunge wa Sirisia katika kaunti ya Bungoma, kwa fedha zilizolipwa na bodi ya taifa ya nafaka kwa mahindi ambayo hayakuletwa. Hukumu ikawa faini kubwa au kifungo cha miaka 67. Alikata rufaa, akaachiwa kwa dhamana, na Agosti 2022 watu wa Sirisia wakamchagua tena. Rombo ilimkataa mtuhumiwa, Sirisia ikamchagua aliyehukumiwa. Sanduku la kura hupima mambo mengi kwa pamoja, ukoo, barabara, msiba aliohudhuria mheshimiwa na ule aliokosa, na kodi iliyosamehewa Dar es Salaam ni chembe ndogo ndani yake.

Na kwa nini isiwe ndogo? Mpiga kura wa Mbinga au wa Mbamba Bay humjua mbunge wake kwa anachokileta. Lami ya kutoka Peramiho hadi Mbinga, kisha kuteremka hadi ziwani, kila mtu ameiona kwa macho, na kila mgombea anajua kuitaja. Hakuna anayeona lami ambayo haikujengwa kwa sababu kodi yake ilisamehewa. Hasara ya namna ya Mramba haina eneo. Hakuna kata inayoweza kusema bilioni 11 zile zilikuwa za kwetu. Mbunge naye ni mtu mwenye akili, hutumia jasho lake panapolipa: ataomba kituo cha afya kwa sauti kubwa wakati wa maswali, na tangazo la kodi atalipita kimya.

Mfano wa huku kwetu uko Ngaka, kwenye makaa ya mawe. Ubia wa Tancoal ulioanzishwa mwaka 2008 uliipa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, asilimia 30, na asilimia 70 zikaenda kwa kampuni ya Intra Energy ya Australia. Malori yakaanza kuteremka na makaa, vumbi likatanda, vijana wakapata vibarua. Kwa miaka mingi lililojirudia katika ukaguzi na katika kamati za Bunge ni kwamba mbia wa serikali hakuwa akipata gawio. Sisemi kwamba kuna mtu aliyevunja sheria Ngaka; ubia unaweza kukosa faida kwa sababu za kibiashara tu. Nasema kwamba swali ni lilelile la dhahabu ya 2003: tani zinapimwa na nani, gharama zinakubaliwa na nani, na nani aliweka saini. Mbunge wa hapa anayeyajua majibu hayo kwa tarakimu ana thamani kuliko anayejua idadi ya jezi alizogawa, ingawa mwenye jezi ndiye huimbiwa.

Jambo la kutia moyo katika mkasa huu limo kwenye sheria, na limepita bila kelele. Sheria mpya ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ya mwaka 2014 ilianza kutumika Julai 1, 2015, ikafuta sehemu kubwa ya misamaha na kuuminya uwezo wa waziri wa kusamehe kwa tangazo. Siku 5 baadaye Mramba akahukumiwa. Magazeti yalijaa picha za mawaziri wa zamani wakipelekwa gerezani, na sheria iliyolibana tundu walilopitia haikupata nafasi ukurasa wa mbele. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria zinazotaka mikataba ya rasilimali asilia iweze kufikishwa mbele yake na masharti yenye hila yajadiliwe upya, jambo ambalo mwaka 2003 lingeonekana ndoto.

Lakini sheria ya VAT haikubaki ilivyokuwa. Miradi mikubwa ya serikali ilipoanza kusuasua kwa sababu ya kodi juu ya vifaa vyake, marekebisho ya miaka iliyofuata yalimrudishia Waziri wa Fedha sehemu ya uwezo wa kusamehe kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, safari hii kwa miradi iliyotajwa na kwa masharti. Sababu zilizotolewa ni za maana. Hata barabara hugharimu zaidi ikiwa serikali inajitoza kodi yenyewe. Masharti nayo ni afadhali kuliko uhuru wa zamani. Hata hivyo utaratibu ni uleule, kwamba tangazo linachapwa kwanza na mbunge analisoma baadaye, kama atalisoma.